Mume Aliyepanda Jukwaani

Mwaka wa hamsini na saba, katika nyumba za reli za Nakuru, alikuwepo msichana mmoja tu aliyesimama jukwaani mbele ya watu. Jina lake Nekoye, binti wa mzee Makokha, fundi wa injini za treni. Alikuwa na miaka ishirini. Siku za kazi alipiga pasi nguo kwa dobi mmoja Mhindi karibu na soko, na Jumamosi aliigiza kwenye ukumbi wa jamii. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, watu walitakiwa kuwa nyumbani kabla ya giza, kwa hiyo michezo ilichezwa alasiri, mabati ya ukumbi yakilia kwa joto la jua.

Kabla yake, wanawake wa michezoni walikuwa Joash. Joash alifanya kazi ya kuunganisha mabehewa, mwanamume mnene mwenye ndevu ngumu, na siku ya mchezo alizinyoa mara mbili kisha akajifunga leso. Watu walianza kucheka kabla hajafungua mdomo. Kiongozi wa kikundi, Micah, aliyekuwa mwalimu zamani na sasa karani wa ukumbi ule, alikuwa amechoka na kicheko hicho. Alikuwa ameandika mchezo ambao hakutaka uchekwe.

Siku moja alikwenda kwa dobi kuchukua shati lake. Akamkuta Nekoye amemgeuzia mgongo, pasi mkononi, akiwaonyesha wenzake jinsi mke wa stesheni masta anavyolalamika juu ya kola iliyobaki na mkunjo. Micah alisimama mlangoni mpaka mwisho.

"Dada," akamwambia, "ungeweza kufanya hivyo mbele ya watu mia mbili?"

"Watu mia mbili wakinitazama mimi?"

"Wewe tu."

Nekoye akafikiri kidogo. "Basi nitahitaji viatu," akasema.

Mzee Makokha alichukua siku nne kukubali. Siku ya tano alikuja mwenyewe kwenye mazoezi, akakaa kiti cha nyuma, kofia juu ya magoti. Walipokuwa wakirudi nyumbani alimwambia binti yake, "Nilidhani ni dansi. Kumbe ni kazi." Hakulizungumza tena.

Mchezo wenyewe ulikuwa juu ya mwanamke anayeitwa Tabitha. Mume wake amekwenda vitani Burma na hajaleta habari kwa miaka mitatu. Watu wanamwambia amekufa. Mwenye duka, mtu mpole, anataka kumwoa. Katika sehemu ya mwisho mwenye duka anaweka mkono begani mwa Tabitha na kumwomba jibu, na kabla hajajibu, karani wa posta anapiga hodi na barua. Nekoye alikuwa Tabitha. Joash, ambaye sasa aliruhusiwa kuwa mwanamume, alikuwa mwenye duka, na kwa mshangao wa wote alikuwa mzuri sana katika upole.

Hapo ndipo Kipkoech alipomwona. Kipkoech alikuwa dereva wa lori la mzungu mmoja mwenye shamba huko Molo. Alishusha viazi Nakuru na Naivasha mara mbili kwa wiki. Kijana mrefu wa miaka ishirini na minne, koti la kaki, mluzi mdomoni wakati wote. Aliingia ukumbini kujikinga na mvua, akatoka akiwa hajui hata kama mvua imekatika. Wiki iliyofuata alishusha gunia zima la viazi mlangoni kwa mama yake Nekoye, Naliaka, bila maelezo.

"Hivi ni vya nani?" Naliaka akauliza.

"Ni vyenu, mama."

"Tumekufanyia nini?"

"Bado," Kipkoech akajibu, kisha akaona aibu, akawasha lori akaenda zake.

Walipendana kwa nguvu, na hawakupata wiki moja ya utulivu. Kipkoech angeweza kufika akiwa na furaha, mluzi ukisikika tangu barabarani, na kabla chai haijapoa wawe wamegombana. Aliuliza Joash humwambia nini nyuma ya pazia. Nekoye alicheka. Kicheko kile kilimwuma, akaondoka akivuta mlango kwa nguvu, akafika Molo kwenye baridi yake, na kesho yake alfajiri akawa amerudi, amelowa, kuomba msamaha. Mara moja alivunja kioo cha Nekoye kwa kukitupa chini. Akanunua kingine, kikubwa mara mbili, akakibeba mapajani njia nzima akiendesha kwa mkono mmoja.

Nekoye naye hakuwa wa kuonewa huruma tu. Alijua neno gani humwasha Kipkoech, na siku nyingine alilisema makusudi, ili aone litafika wapi. Halafu akijuta alijuta sana, akalia, na kulia huko pia kulikuwa kwa nguvu. Wakipatana walikaa kwenye ngazi ya lori wakila mahindi ya kuchoma, bega kwa bega, wamechoka kama watu waliotoka shambani.

"Huyo kijana," mzee Makokha alimwambia mkewe, "ni injini isiyo na breki. Kwenye mteremko inapendeza kuitazama. Lakini mimi ndiye ninayezitengeneza baadaye."

Mwezi wa tano Kipkoech alisema anataka kuoa. Alisema vizuri, bila kelele, wameketi mbele ya nyumba mchana. Kisha akaongeza kwamba mambo ya jukwaa yatakoma.

"Kwa nini yakome?" Nekoye akauliza.

"Nikishakuoa, nani atakuwa anakushika bega kila Jumamosi?"

"Joash."

"Basi olewa na Joash."

Aliondoka. Siku tatu zikapita, ikawa wiki, zikawa wiki tatu. Lori lake lilipita barabara kuu bila kusimama. Nekoye alipiga pasi mashati ya watu, akaenda mazoezini, akarudi. Chakula hakikumpita vizuri. Lakini mazoezini, Micah aliona, alizidi kuwa mzuri.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ule kikundi kilialikwa Naivasha. Walisafiri kwa treni ya asubuhi. Jukwaa lilikuwa mbao zilizolazwa juu ya mapipa, uwanjani si mbali na stesheni, na watu walikaa kwenye nyasi: wafanyakazi wa reli, wa mashambani, akina mama na watoto mgongoni, wengine wamepanda juu ya mikokoteni ili waone. Upepo wa ziwani ulipeperusha pazia, ikabidi Micah alishikilie kwa mkono.

Mchezo ulikwenda vizuri hadi sehemu ya mwisho. Joash alisogea taratibu, akaweka mkono begani mwa Nekoye.

"Tabitha," alisema kwa ile sauti yake ya upole, "nimesubiri. Leo nipe jibu."

 Ndipo mtu akainuka nyuma kule, akapita katikati ya waliokaa, akaruka juu ya mbao. Alikuwa Kipkoech, na koti lake la kaki, na vumbi la njiani usoni. Lori lilikuwa limesimama barabarani, magunia yamejaa.

"Toa mkono," akamwambia Joash.

Mwanamke mmoja akapiga yowe. "Amerudi! Mume amerudi!"

Uwanja mzima ukainuka. Hakuna aliyejua kwamba mume wa Tabitha harudi katika mchezo ule, kwamba ni barua tu inayokuja. Waliona mwanamume mrefu wa kaki, amechafuka na safari, na hiyo ilitosha. Joash alitoa mkono akarudi nyuma hatua mbili. Nyuma ya pazia, Micah aliyekuwa ameshika barua hakujua aingie au asiingie.

Nekoye alimtazama Kipkoech.  Angeweza kumwambia kwa sauti ndogo, shuka, tutazungumza baadaye. Badala yake alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kubwa, safi, ikifika hadi kwenye mikokoteni.

"Miaka mitatu," akasema. "Miaka mitatu bila hata barua. Ulikuwa wapi?"

Kipkoech akafungua mdomo. Alimwona Nekoye, akawaona watu, akamwona tena Nekoye.

"Nilikuwa na hasira," akasema.

Baadhi ya watu wakacheka, lakini kicheko kile kilikufa upesi, kwa sababu midomo ya kijana ilikuwa inatetemeka.

"Hasira ya miaka mitatu?"

"Nilipita barabarani kila wiki. Nilitazama mlango wenu. Nikasema leo nitasimama, mguu ukakataa." Sasa machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. "Sijui kukupenda bila kelele. Sikufundishwa. Nifundishe wewe, au nifukuze, lakini usinyamaze."

Nekoye alimshika uso kwa mikono miwili. Watu walilia. Micah akaachia pazia, likaanguka lenyewe, na makofi yakapigwa mpaka mbwa wa stesheni wakaanza kubweka.

Nyuma ya jukwaa Kipkoech aliketi juu ya pipa.  Nekoye alikaa chini karibu naye.

"Wamenipigia makofi," Kipkoech akasema. "Nilikuwa nalia kweli, Nekoye. Nao wamenipigia makofi."

Nekoye akampangusa vumbi usoni. Kulikuwa na jambo ambalo hakuweza kumwambia wakati ule. Aliposhika uso wake, yeye mwenyewe akiwa amejaa huruma na mapenzi, mwili wake ulikuwa umegeuka kidogo upande wa kulia, bila kuamriwa, ili watu wa mwisho kabisa wamwone. Alijua alichofanya. Na alijua hakujutia, na hilo ndilo lililomtisha.

Yule mzungu wa Molo hakupenda habari ya lori lililosimama saa mbili juani na viazi ndani. Jumatatu Kipkoech hakuwa na kazi tena. Akaja Nakuru kukaa na binamu yake, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, yeye na Nekoye wakakaa siku nane bila ugomvi. Alimsubiri nje ya duka la dobi. Walitembea hadi mahali ambapo ziwa linaonekana, lile vumbi jeupe la magadi likipeperushwa kando yake, wakazungumza mambo madogo. Nekoye alianza kufikiri kwamba pengine ndivyo watakavyokuwa.

Siku ya tisa Micah aliwaita Kipkoech na Nekoye ukumbini. Wakubwa wa reli walikuwa wameomba kikundi kisafiri na treni kwa mwezi mmoja: Njoro, Molo, Londiani, mpaka Kisumu, kila kituo mchezo mmoja.

"Nimeubadilisha mwisho," Micah akasema. "Barua nimeitoa. Mume anarudi. Watu wa Naivasha walinionyesha kwamba nilikosea. Na huyo mume ni wewe, Kipkoech. Mtasafiri pamoja, mtalipwa nyote wawili. Sema tu ndiyo."

Kipkoech alimtazama Nekoye. Macho ya Nekoye yalikuwa yanang'aa.

"Nitajaribu," akasema.

Walijaribu Jumanne, ukumbi ukiwa mtupu. Joash aliweka mkono begani. Kipkoech akaingia, akapanda. "Toa mkono," akasema, na ilikuwa kama mtu anayeomba kupitishiwa chumvi. Micah akamwomba aanze tena. Mara ya pili alipiga kelele. Mara ya tatu alifika hadi kwenye maneno ya kufundishwa kupenda, ambayo sasa yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi kwa mwandiko mzuri wa Micah, akayasoma, akasimama katikati ya sentensi.

Nekoye alikuwa ameshaanza kulia kama Tabitha. Alilia vizuri, machozi kabisa. Kipkoech alimwangalia muda mrefu.

"Jana ulilia hivi?" akauliza.

"Jana hatukufanya mazoezi."

"Na kesho utalia hivi?"

"Nikihitajika."

Kipkoech aliikunja ile karatasi, akampa Micah kwa adabu. "Samahani, mwalimu. Tafuta mtu mwingine." Akashuka.

Nekoye alimkuta nje, kwenye ngazi za ukumbi. Wanawake walikuwa wanapita na kuni na maji, jua likielekea kuzama. Aliketi ngazi moja chini yake. Alitarajia kelele, na kwa kweli alizitaka, kwa sababu kelele alizijua.

"Mimi nililia mara moja," Kipkoech akasema polepole. "Siwezi kulia kila Jumamosi. Nikifanya hivyo, siku nikilia kweli sitajijua. Lakini wewe unaweza."

"Naweza," Nekoye akasema.

"Na bado ni kweli?"

 "Kwangu ni kweli zaidi. Sijui kukueleza. Nyumbani nikikukasirikia, nusu ya hasira inapotea hewani. Jukwaani haipotei hata kidogo. Hata siku ile Naivasha, Kipkoech. Nilikuwa nakupenda, na nilikuwa nageuza uso ili wanione."

Alikuwa amesema. Akangoja.

Kipkoech hakuinuka. Alichukua kijiti akachorachora vumbi kwenye ngazi. "Nilihisi," akasema. "Mkono wako ulinivuta upande. Nikadhani ni upepo." Akatabasamu kidogo, na tabasamu lile lilimwuma Nekoye kuliko kioo chochote kilichovunjika. "Kuna kazi Kericho. Kuendesha lori la majani ya chai. Naondoka Ijumaa. Nyumba ipo. Ukija, sitakuuliza juu ya Joash tena maishani. Lakini Kericho hakuna ukumbi."

"Najua."

"Basi usinijibu leo. Ukinijibu leo tutagombana, na sina nguvu."

Ijumaa ile Nekoye alikwenda kituo cha mabasi akiwa amevaa nguo ya kazini. Hakubeba mzigo. Kipkoech alimwona kwa mbali, akaona mikono mitupu, akaelewa. Walishikana mikono kama watu wanaoheshimiana. "Endesha pole," Nekoye akamwambia. "Na wewe sema kwa sauti," Kipkoech akajibu, "wa nyuma wasikie." Alipanda, akakaa upande wa pili wa basi, ambako hawangeonana.

Nyumbani Nekoye aliingia jikoni akaanza kumenya viazi pamoja na mama yake. Naliaka alimtazama mara moja, akasogeza sufuria katikati yao. Walimenya vyote, vingi kuliko walivyohitaji.

Safari ya treni ilianza mwezi wa saba. Mume wa Tabitha alichezwa na kijana wa bohari aitwaye Kimaiyo, ambaye hakuwa mbaya. Njoro walipigiwa makofi. Molo walifika siku ya baridi kali, ukungu umeshuka mpaka kwenye reli, wakacheza ndani ya ghala tupu la viazi. Watu walikaa juu ya magunia wakiwa wamejifunika mablanketi, pumzi zao zikionekana. Nekoye alipomshika Kimaiyo uso, alilia, na ghala lote likanyamaza.

Baada ya mchezo, mwanamke wa makamo alikuja hadi mahali Nekoye alipokuwa akifungua kilemba. Alikuwa amejifunga blanketi begani, na chini ya blanketi alishika kibuyu kidogo. Alisalimia kwa Kiswahili cha shida.

"Mimi naitwa Cheptoo," akasema. "Mama ya Kipkoech."

Nekoye alisimama upesi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kukuona. Mtoto yangu alipoteza kazi, halafu akaenda Kericho bila mke. Nikasema, nitaona huyo msichana ni namna gani." Alimtazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu. "Nilifikiri wewe ni mbaya."

"Hajambo huko?"

"Hajambo. Anakula. Anaandika barua kwa kaka yake, anasema huko mvua kila siku." Cheptoo akatafuta maneno. "Nataka kukuuliza kitu kimoja, na usinidanganye. Saa ile ulikuwa unalia, ulikuwa unamlilia mtoto yangu?"

Joash, aliyekuwa akikunja pazia, alijifanya hasikii. Nekoye angeweza kusema ndiyo. Ingempendeza mama yule, na ingekuwa karibu na ukweli.

"Nilianza na yeye, mama," akasema. "Kila mara naanza na yeye. Lakini nikifika katikati inakuwa ya yule Tabitha, na ya wale waliokaa kwenye magunia. Mwisho sijui ni ya nani."

Cheptoo aliyapima maneno hayo. Ukungu uliingia kupitia mlango mkubwa wa ghala, na nje watu walikuwa wanawahi nyumbani, wakiigiza sauti ya mwenye duka na kucheka.

"Mimi pia nililia," akasema mwishowe, "na Kiswahili chenyewe nasikia nusu tu." Akatoa kibuyu chini ya blanketi, akakitikisa, akafungua. "Kunywa. Ni maziwa yetu. Sauti yako imekauka."

Nekoye alikipokea kwa mikono miwili. Maziwa yalikuwa machachu na mazito, yenye harufu ya mkaa wa mti, na baridi ya Molo ilikuwa imeyafanya yaume meno. Alikunywa mpaka nusu, akafuta mdomo, akauliza kama ampe na Joash.

"Yule mnene?" Cheptoo akamtazama Joash vizuri. "Ndiye huyo alikuwa anakushika bega?"

"Ndiye, mama."

"Mpe," akasema. "Anaonekana mtu mzuri."

Waliketi watatu juu ya magunia, wakipokezana kibuyu, mpaka Micah alipokuja kuwaambia kwamba treni ya Londiani itaondoka saa kumi na mbili kasoro robo, na kwamba mtu aende akamwamshe Kimaiyo, ambaye alikuwa amelala nyuma ya pazia akiwa bado na sare ya mume.